Mfumo Endeshi Unapogoma Kusakinishwa Kwenye Mashine Pepe: Dalili na Vyanzo Vyake

Usakinishaji wa mfumo endeshi ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi iitwayo mwenyeji, hupita katika hatua zinazofuatana, na kila hatua ina namna yake ya kukwama. Kwanza programu ya mashine pepe huomba prosesa ya kompyuta mwenyeji iiruhusu kufanya kazi, kisha BIOS au UEFI ya kuigiza (programu ya awali inayoiwasha kompyuta) huamka na kutafuta cha kuanzia, faili la ISO (nakala ya diski ya kisakinishi) husomwa, keneli, yaani kiini cha mfumo mgeni unaosakinishwa, hupakiwa kwenye RAM, kisakinishi hutafuta diski, mafaili hunakiliwa, na mwishowe mashine hujizima na kuwaka upya, safari hii kutoka kwenye diski yake yenyewe. Anayejua kazi ilisimama kwenye hatua ipi amekwisha kuondoa sehemu kubwa ya vyanzo vinavyoweza kushukiwa. Asiyejua hubahatisha: huongeza RAM, hubadilisha aina ya diski, huwasha EFI (yaani UEFI) na kupakua ISO nyingine, yote kwa mkupuo mmoja, na hata mashine ikikubali hatajua ni lipi kati ya hayo lililosaidia.

Kwa sababu hiyo maelezo haya yanafuata mahali kazi iliposimama. Mifano mingi ni ya programu ya VirtualBox, kwa kuwa haina malipo na inakubali Windows, Linux na macOS kama mwenyeji. Pale ambapo KVM, iliyomo ndani ya Linux, au Proxmox, inayoitumia KVM hiyo, inatofautiana, jambo hilo limetajwa. Ujumbe wa makosa umeandikwa kwa Kiingereza kama unavyotokea kwenye skrini, maana huo ndio utakaoulinganisha na ulio mbele yako. Katika hatua zote, badilisha jambo moja, jaribu, kisha ndipo uguse la pili.

Mashine inakataa kuwaka

Hapa kisakinishi hakijaguswa kabisa, kwa hiyo ISO na diski havina hatia. Dirisha la kosa hutokea mara tu unapobonyeza Start, na mara nyingi huwa na namba 0x80004005. Usiitafute namba hiyo mtandaoni, kwa kuwa maana yake ni kwamba kuna jambo limeshindikana, na makosa kadhaa yasiyohusiana huibeba. Kinachosema kweli ni mstari ulio juu yake au ule unaofunguka ukibonyeza Details, wenye neno linaloanza na VERR.

Ukiona VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED kwenye prosesa ya Intel, au VERR_SVM_DISABLED kwenye AMD, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe umefungwa ndani ya BIOS ya kompyuta mwenyeji. Dalili nyingine ya tatizo hilohilo ni orodha ya mifumo wakati wa kuunda mashine kuonyesha matoleo ya biti 32 peke yake, ingawa kompyuta yako ni ya biti 64. Zamani VirtualBox iliweza kujikongoja bila msaada huo wa prosesa, lakini tangu toleo la 6.1 la Desemba 2019 njia hiyo iliondolewa. Kwenye Windows fungua Task Manager, kichupo cha Performance, kisha CPU, na uangalie neno Virtualization. Likiwa Disabled, hujafika popote mpaka uingie BIOS. Kwenye Ubuntu sakinisha kifurushi cha cpu-checker na uendeshe amri ya kvm-ok.

Ndani ya BIOS chaguo lenyewe huitwa Intel Virtualization Technology au VT-x kwa Intel, na SVM Mode kwa AMD. HP nyingi hufunguliwa kwa F10, na Dell kwa F2. Kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, hakikisha una ufunguo wake wa kurejesha kabla ya kugusa chochote humo, kwa sababu kubadilisha mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo inapowaka. Wanunuzi wa kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika maofisini nao wajue kwamba baadhi huja na nenosiri la BIOS lililowekwa na mwenye mali wa kwanza. Ni vema kuingia BIOS palepale dukani kabla ya kulipa.

Uwezo ukiwa umewashwa na bado mashine inakataa, au inawaka lakini inakwenda taratibu mno, mshukiwa wa pili ni programu nyingine iliyokwisha kuishika prosesa. Kwenye Windows programu hiyo karibu kila mara ni Hyper-V, programu ya mashine pepe ya Windows yenyewe, ambayo huwashwa kimyakimya na WSL 2 (Linux ndani ya Windows), na Docker Desktop, na ulinzi uitwao Memory integrity. VirtualBox huweza kufanya kazi juu ya Hyper-V badala ya kuitumia prosesa moja kwa moja, na inapofanya hivyo ikoni ya kobe wa kijani hutokea kwenye ukingo wa chini wa dirisha la mashine. Kobe huyo ni wa kuangaliwa mapema. Usakinishaji unaosimama kwenye asilimia ileile kwa muda mrefu, keneli ya Linux inayolalamika kwa maneno "watchdog: BUG: soft lockup", au skrini ya bluu katikati ya kunakili mafaili ya Windows, yote yanaweza kuanzia kwake. Mara nyingine mashine haiwaki kabisa na kuacha kosa la VERR_NEM_VM_CREATE_FAILED.

Kuiondoa Hyper-V njiani, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Kisha zima kompyuta na kuiwasha upya. Kuirudisha, andika auto badala ya off. Fahamu gharama yake: WSL 2 na Docker vitaacha kufanya kazi, na Memory integrity, ambayo ni ulinzi wa kweli dhidi ya draiva zenye nia mbaya, haitakuwepo. Kwenye kompyuta ya nyumbani inayotumiwa kujifunzia ninaona gharama hiyo inavumilika kwa muda wa mazoezi. Kwenye kompyuta ya kazini sivyo, na huko ni afadhali kuitumia Hyper-V yenyewe kuendeshea mashine pepe kuliko kuvunja ulinzi wa mwajiri kwa ajili ya VirtualBox.

Kwenye mwenyeji wa Linux kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni "Kernel driver not installed (rc=-1908)", ambalo hutokea keneli ya mwenyeji inaposasishwa na draiva ya VirtualBox isijengwe upya, au Secure Boot, ulinzi wa UEFI wakati wa kuwaka, inapoikataa draiva isiyotiwa saini. Amri ya sudo /sbin/vboxconfig huijenga upya, na ikiwa Secure Boot ndiyo inayozuia, utahitaji kusajili ufunguo wa saini kwa mokutil au kuizima Secure Boot. La pili ni VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE, lenye maana kwamba KVM imeishika prosesa. Hili limeongezeka tangu keneli ya 6.12, kwa kuwa kuanzia hapo KVM huishika prosesa mara tu moduli yake inapopakiwa, badala ya kusubiri mashine yake ya kwanza iwashwe. Kuiondoa moduli kwa sudo rmmod kvm_intel, au kvm_amd, hutatua kwa muda. Anayetaka suluhisho la kudumu huongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye maelekezo ya kuwashia keneli ya mwenyeji.

Mashine inawaka, lakini kisakinishi hakionekani

Skrini nyeusi yenye maneno "FATAL: No bootable medium found! System halted." inasema kwamba BIOS ya kuigiza imetafuta kila mahali na haikukuta cha kuanzia. Mara nyingi kiendeshi cha CD cha mashine hiyo ki tupu. Fungua Settings, kisha Storage, na uangalie kama chini ya kiendeshi kuna jina la ISO au neno Empty. Maneno yakiwa "Could not read from the boot medium", kitu kimo ndani ila hakisomeki, na hapo ISO yenyewe ndiyo inayoshukiwa.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ISO mbovu huzaa makosa yanayotokea mbali na chanzo chake. ISO ya Ubuntu 24.04 ya mezani ina ukubwa wa takriban GB 6, na mwenye kuipakua kwa bando la simu anaweza kukatikiwa mara kadhaa. Kivinjari kinaweza kuhesabu kwamba kimemaliza ilhali kipande fulani kimeharibika. Faili kama hilo huwaka vizuri, huonyesha menyu, huuliza lugha na saa za eneo, kisha hukwama asilimia sabini huko, na mwenye mashine huanza kulaumu RAM. Windows nayo hutoa namba 0x80070570 katika kunakili mafaili, na ukiiona hiyo rudi kwenye ISO kabla ya jambo jingine lolote.

Ukubwa wa faili kulingana na ule wa tovuti hautoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ni alama ya SHA256. Kwenye Windows nenda kwenye folda lilimo faili na uandike:

certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256

Kwenye Linux amri ni sha256sum ikifuatwa na jina la faili. Zote mbili hutoa herufi na tarakimu 64. Chukua alama rasmi kutoka kwa watengenezaji, ambayo kwa Ubuntu iko kwenye faili la SHA256SUMS katika folda ileile ya upakuaji, na uzilinganishe zote mbili kwa kuzibandika moja juu ya nyingine. Tofauti ya herufi moja inatosha kulikataa faili zima. Ukilazimika kupakua upya kwenye mtandao unaokatika, tumia wget -c, ambayo huendelea kutoka ilipoishia, au torenti rasmi ya mtengenezaji, ambayo hukagua kila kipande kinapofika.

Wanaopeana ISO kwa flashi wana mtego wao. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalofikia GB 4, hata ikiwa na nafasi ya GB 60. Ipange upya kwa exFAT kwanza. Na aliyepewa ISO na rafiki akague alama yake vilevile, kwa usalama wake pia, maana kuna ISO za Windows zinazozunguka mikononi mwa watu zikiwa zimechokonolewa.

Mashine yenye EFI haikwami kwa maneno ya FATAL. Yenyewe huangukia kwenye ukurasa wenye maneno UEFI Interactive Shell na mstari wa Shell>, au hujaribu kuanza kupitia mtandao kwa maneno "Start PXE over IPv4". Kwa ISO za Windows chanzo cha kawaida ni chepesi sana: kisakinishi kiliandika "Press any key to boot from CD or DVD", kikasubiri sekunde chache, na hakuna aliyebonyeza, au aliyebonyeza hakuwa amebofya kwanza ndani ya dirisha la mashine. Zima, washa, bofya ndani ya dirisha mara moja, kisha bonyeza upau wa nafasi. Chanzo kingine ni ISO ya zamani isiyo na sehemu ya EFI kabisa. Kwa ISO kama hiyo, zima EFI.

Mwenye Mac ya chipu za M1 na zilizofuata anakutana na ukurasa huohuo kwa sababu tofauti. Prosesa yake ni ya ARM, na ISO iliyoandikwa amd64 au x86_64 haiwezi kuanza kwenye mashine pepe ya ARM. VirtualBox ilianza kupokea mifumo ya ARM kwenye Mac hizo katika toleo la 7.1 la Septemba 2024, nayo programu ya UTM inafanya hivyo pia, lakini katika zote mbili ISO inayotakiwa ni ya arm64. UTM inaweza kuigiza prosesa ya Intel nzima, ila kwa mwendo ambao sishauri mtu ausakinishie Windows.

Keneli inaanza, kisha inasimama

Baadhi ya makosa ya hatua hii yanajieleza yenyewe. "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU" ina maana kwamba umechagua aina ya biti 32 kwa ISO ya biti 64, au VT-x bado imefungwa. Kulalamika kuhusu pae kunatibiwa kwa kuwasha Enable PAE/NX kwenye ukurasa wa prosesa.

Yanayoanza na "Kernel panic - not syncing" yanahitaji kusomwa hadi mwisho wa mstari. Yakimalizika kwa "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", keneli haikupata mfumo wake mdogo wa kuanzia, na kwenye kisakinishi hilo hutokana na RAM ndogo mno au ISO iliyoharibika. Ubuntu 24.04 ya mezani inataka GB 4 za RAM. Mwenye kompyuta ya GB 8 awape wageni GB 4 na afunge vivinjari. Mwenye kompyuta ya GB 4 asiisakinishe hiyo kabisa, achague Debian ya netinst bila mazingira ya madirisha, ambayo inatosha kwa kujifunza seva. Kuipa mashine RAM yote ya mwenyeji hakusaidii, kwa maana Windows ya nje itaanza kusogeza kumbukumbu kwenye diski, na zote mbili zitakwama pamoja.

Kwenye Proxmox na KVM kuna kosa linalowasumbua sana wanaosakinisha Rocky Linux, AlmaLinux au RHEL toleo la 9. Mashine huwaka, menyu hutokea, halafu huandika "Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2" na kufa kwa panic ya "Attempted to kill init!". ISO ni nzima na RAM inatosha. Tatizo ni kwamba prosesa ya kuigiza iitwayo kvm64 au qemu64 inaficha baadhi ya uwezo wa prosesa halisi, na mifumo hiyo ilijengwa ikitegemea uwezo huo. Badilisha aina ya prosesa iwe host, na kosa hutoweka. RHEL 10 imepandisha kiwango hadi x86-64-v3, kwa hiyo huko hata host haitafaa ikiwa prosesa halisi ni ya zamani.

Kisakinishi kinapoanza na skrini kubaki nyeusi au kujaa michirizi, tazama ukurasa wa Display. Kwa Linux aina ya kadi iwe VMSVGA, kumbukumbu ya picha iwe MB 128, na 3D Acceleration izimwe mpaka usakinishaji uishe. Ikishindikana, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuwashia Linux) bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset, kisha bonyeza Ctrl+X. Kwa neno hilo keneli haitajaribu kuiendesha kadi ya picha kwa draiva yake maalumu, na kisakinishi kitaonekana ingawa kwa ukubwa mdogo wa skrini.

Kisakinishi kimefunguka, ila kinakataa kompyuta au hakioni diski

"This PC can't run Windows 11" si hitilafu ya mashine. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, prosesa mbili, GB 4 za RAM na diski ya GB 64. VirtualBox iliongeza TPM na Secure Boot za kuigiza katika toleo la 7.0 la Oktoba 2022, kwa hiyo mwenye toleo la 6.1 na asasishe kwanza badala ya kuhangaika. Kisha kwenye System awashe EFI na achague TPM 2.0. Watu wengi huunda diski ya GB 50 wakidhani wanaokoa nafasi, lakini diski inayokua yenyewe haichukui GB 64 siku ya kwanza. Inachukua kile tu kilichoandikwa ndani yake. Wapo wanaofungua regedit kwa Shift+F10 na kuweka BypassTPMCheck chini ya LabConfig. Njia hiyo hufanya kazi kwenye mashine ya majaribio, ila kama programu yako inaweza kutoa TPM halali sioni sababu ya kuikwepa.

Diski isiyoonekana karibu kila mara ni suala la draiva. Kisakinishi cha Windows XP, ambacho bado kinahitajiwa na wenye programu za zamani za uhasibu au mashine za vipimo, hakina draiva ya SATA AHCI. Kitaandika "Setup did not find any hard disk drives installed in your computer", au kitaangukia skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Hamishia diski kwenye kidhibiti cha IDE aina ya PIIX4 na kazi itaendelea. Ukichagua aina ya Windows XP tangu mwanzo, VirtualBox huweka IDE yenyewe. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo mashine hiyo isiachwe kwenye intaneti.

Kwenye Proxmox na KVM tatizo hilohilo linaikuta Windows mpya. Diski ya aina ya VirtIO ni ya kasi, ila Windows haijui kuisoma, na orodha ya diski hubaki tupu. Pakua ISO ya virtio-win, iongeze kama kiendeshi cha pili cha CD, bonyeza Load driver, kisha uelekeze kwenye folda ya vioscsi au viostor kulingana na aina ya kidhibiti ulichochagua, ndani yake w11 na amd64. Palepale pakia na draiva ya NetKVM, vinginevyo Windows 11 itakwama mwishoni kwenye ukurasa wa kuunganisha mtandao kwa kuwa kadi ya mtandao nayo haitambuliki.

Kisa cha masharti ya leseni

Kosa hili linastahili nafasi yake, maana ujumbe wake unapotosha. Unasakinisha Windows kwenye VirtualBox ya toleo la 7.0, kisakinishi kinaanza bila kukuuliza chochote, kisha kinaandika: "Windows cannot find the Microsoft Software License Terms. Make sure the installation sources are valid and restart the installation." Anayeusoma huamini kwamba ISO ni mbovu na huipakua tena, gigabaiti zote zile. ISO mara nyingi haina tatizo. VirtualBox iliitambua, ikaamua kusakinisha yenyewe bila msimamizi, ikatengeneza faili la majibu, na majibu hayo hayakuoana na toleo la Windows lililomo ndani.

Futa mashine hiyo na uiunde upya, safari hii ukitia alama kwenye kisanduku cha Skip Unattended Installation katika ukurasa uleule unaochagulia ISO. Kwa Ubuntu usakinishaji wa namna hiyo hufika mwisho, lakini humwacha mtumiaji vboxuser asiye na haki ya sudo. Mwenye kukutwa na hali hiyo aandike su -, atoe nenosiri lilelile, aendeshe usermod -aG sudo vboxuser, kisha atoke na kuingia upya. Kwa maoni yangu anayejifunza aruke njia hiyo kabisa na ajibu maswali ya kisakinishi kwa mkono wake.

Kunakili kunakwama katikati

Kabla ya kuzima kwa nguvu, tazama ikoni ya diski chini ya dirisha. Ikiwa inamulika, kazi inaendelea na unachohitaji ni subira, hasa kama diski ya mwenyeji si SSD. Ikiwa imetulia na mashine imejisimamisha yenyewe, angalia nafasi iliyobaki kwenye diski ya mwenyeji, kwa kuwa VirtualBox husimamisha mashine diski ya nje inapojaa. Futa vitu, kisha ruhusu mashine iendelee. Si lazima uanze upya. Faili la diski pepe lililowekwa kwenye diski ya nje ya FAT32 nalo hugonga ukuta linapofika GB 4, kwa sababu ileile iliyotajwa kwenye flashi.

Kisakinishi cha Linux kinachokwama kwenye kupakua vifurushi kinakabiliwa na mtandao. Tumia NAT, yaani mtandao unaopitia kwa mwenyeji, wakati wa kusakinisha. Bridged, yaani mashine kujiunga yenyewe na mtandao wa nje, kupitia Wi-Fi ina usumbufu wake na inaweza kusubiri. Au katiza mtandao wa mashine kabisa, usakinishe kutoka kwenye ISO peke yake, na usasishe baadaye.

Ikiwa hakuna ujumbe wowote kwenye skrini, kumbukumbu za kazi ndizo zitakazosema. Kwa VirtualBox ziko kwenye folda la mashine, ndani ya Logs, katika faili la VBox.log. Tafuta neno HM ndani yake. Mstari unaosema "Attempting fall back to NEM: VT-x is not available" ni Hyper-V tena, hata kama uliamini umeizima. Ndani ya kisakinishi cha Linux bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na F2 kupata laini ya amri na usome /var/log/syslog au folda la /var/log/installer. Ndani ya kisakinishi cha Windows bonyeza Shift+F10 na ufungue X:\Windows\Panther\setuperr.log kwa notepad. Unapomwomba mtu msaada, mpe faili hilo pamoja na toleo la programu, jina kamili la ISO na hatua kazi iliposimama. Picha ya dirisha la kosa peke yake haimwezeshi kukusaidia.

Usakinishaji umeisha, kisha kisakinishi kinarudi

Mfumo umesakinishwa vizuri. ISO bado imo kwenye kiendeshi, na mpangilio wa kuanzia unaitanguliza CD mbele ya diski. Ubuntu huandika "Please remove the installation medium, then press ENTER". Kwenye mashine pepe kuiondoa ni kufungua Devices, Optical Drives, na Remove disk from virtual drive. Usisakinishe mara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mashine ikikataa kuwaka kutoka kwenye diski hata baada ya ISO kuondolewa, jiulize kama uligusa EFI au kidhibiti cha diski baada ya kusakinisha. Mfumo uliosakinishwa chini ya EFI hauwaki chini ya BIOS, wala kinyume chake, na Windows iliyosakinishwa kwenye SATA ikihamishiwa VirtIO bila draiva huangukia 0x0000007B ileile ya XP. Rudisha mpangilio uliokuwepo wakati wa kusakinisha. Ikiwa hukubadilisha kitu na mashine ya EFI yenye Ubuntu bado inaangukia Shell>, andika exit, ingia Boot Maintenance Manager, chagua Boot From File, na ufuate njia ya EFI, ubuntu, hadi shimx64.efi. Ikiwaka kwa njia hiyo, mfumo ni mzima na kilichopotea ni kumbukumbu ya UEFI ya mahali pa kuanzia. Ingia ndani na uendeshe sudo grub-install, ambayo itaiandika upya.